Desemba Nyuma ya Shuka

Jumamosi saa kumi, nyumbani kwa mwalimu Mlewa,
tulivua kandambili mlangoni, thelathini na kitu,
tukabanana sakafuni kama mtama ulioanikwa
mbele ya kiluninga chenye rangi mbili: jivu, na jivu.
Ndipo anatoka Tindo, punda wa katuni,
anaporomoka gengeni, anakuwa bapa kama chapati,
anajikung'uta, pwaa! anasimama, anacheka.
Betri ya gari ikifa katikati ya kicheko
tulibaki gizani tukibishana: Tindo ni wa rangi gani?
Yoramu alisema bluu. Nilimpiga ngumi kwa hilo.
Mimi nilijua ni wa kijani, kijani cha mlenda.

Miaka ikapita, sikuihesabu.
Wakaja Chipanga watu wenye kofia
na mwavuli mweupe usio wa mvua,
wanatafuta punda.
"Tunaitengeneza upya," alisema kijana wao,
"safari hii watu kweli, punda kweli, vumbi kweli."
Vumbi tunalo, nikamwambia.
Wakampima Desemba masikio kwa futi ya fundi cherehani,
wakanilipa bei ya mabati ishirini,
nikatia sahihi karatasi niliyoisoma nusu.

Siku nne walimpandisha na kumshusha kilima kilekile.
Walitaka aanguke.
Desemba haanguki. Amebeba madumu manne
tangu kisimani mpaka kwangu, kiangazi baada ya kiangazi,
na hajamwaga hata ya kunawa.
Wakaleta mdoli wa sponji, wakamsukuma gengeni.
Desemba akasimama juu, akamtazama anavyokwenda,
akakojoa.
Hicho kipande hawakukiweka.

Jana wakaileta. Shuka kubwa lilifungwa golini,
uwanja wa shule, na upepo wa Agosti
ukawa unalijaza, kila uso ukiota tumbo.
Jenereta lilikuja na mkokoteni wa Desemba mwenyewe.
Nikamfunga huko nyuma, penye mwarobaini.

Basi akatokea. Ndiye, na siye.
Ncha ya sikio iliyobaki kinywani mwa fisi mwaka wa njaa
imerudishwa, laini, kama haikuwahi kwenda popote.
Kidonda cha begani nilichokiosha kwa maji ya chumvi
mwezi mzima, jioni kwa jioni,
kimefutwa kama hesabu ubaoni.
Na wamempa meno. Wamempa tabasamu!
Anazungumza Kiswahili cha taarifa ya habari.
Anatuita "marafiki zangu".

Akafika gengeni. Nikajiandaa kucheka,
mwili wenyewe ulikuwa unakumbuka.
Akaanguka.
Hakuwa bapa. Mfupa ulilia, niliusikia,
sijui walikwenda wapi kuutafuta mlio ule,
na mwanangu Mele, ana miaka sita, akaivuta kanga yangu:
"Mama, mbona hajikung'uti?"
Atajikung'uta, nikasema.
Zikaja zeze za huzuni. Shuka likavimba, likanywea.
"Mama. Mbona?"

Nikambeba, tukazunguka nyuma ya goli.
Filamu inaonekana huko pia, ila kinyume,
maneno yanaanzia kulia, mkono wa kushoto ndio unaosalimia.
Desemba alikuwa amelala wima,
mguu mmoja ameupumzisha,
akitoa ile harufu yake ya gunia lililonyeshewa.
Mle mbele wakawa wanaliita jina la Tindo, Tindo, wanalia.
Yeye hata.
Mele akanyoosha mkono, akatia kidole
penye pengo la sikio,
akakaa hivyo mpaka watu wakapiga makofi,
nadhani alifufuka, hatukugeuka kuangalia.

"Ni wa rangi gani?" nikamuuliza.
Akafikiri sana.
Mwanga wa shuka ulikuwa unampaka punda wetu
bluu, halafu giza, halafu bluu.
Yoramu, popote ulipo,
nisamehe ile ngumi.