Chini ya Sarafu

Kazi yangu ni kuhesabu wafu wa kaunti kumi na moja.
Huwahesabu kwa penseli kwanza, kompyuta baadaye,
maana penseli huulazimisha mkono
kukawia juu ya kila mmoja.

Mwanamume, hamsini na sita, fundi wa matrekta.
Mwanamume, kumi na tisa. Barua ya chuo mezani, haijafunguliwa.
Mwanamke, arobaini na mbili. Bunduki ya marehemu babake.
Theluji nje. Mbwa alikuwa ameshalishwa.
Hilo la mbwa halina safu kwenye jedwali langu.
Nimeliandika pembeni.

Huko Sorrel, Montana, siku ya kwanza,
walitazama namba za gari langu, kisha viatu.
"Umekuja kutunyang'anya," alisema Merle Dockstader,
mwenye duka la bunduki, wala hakuwa anauliza.
Mbele yake, chini ya kioo, bastola zimelala
kama samaki juu ya barafu.
Nikamwambia nimekuja kuuliza habari za muda.
"Muda gani?"
Muda ulio kati ya mtu na chuma,
usiku ule mmoja ambapo akili
imefunga milango yote ikabakisha mmoja.
Watu husema aliyekusudia amekusudia,
mzibie huku, atatokea kule,
kama maji.
Mtu si maji, Bwana Dockstader.
Wengi waliouvuka usiku ule
wamezeeka, wamelalamikia magoti,
wamegombana na majirani kwa ajili ya uzio.
Majuto ni mjukuu; sawa.
Lakini mjukuu huhitaji miaka ya kuzaliwa,
na risasi haimpi hata dakika.

Hakunijibu. Alivuta droo ya fedha,
akainua trei ya sarafu, akatoa risiti.
Saa nne na dakika kumi, asubuhi. Jina sikulisoma.
"Alinitania kuhusu kofia yangu," akasema.
"Nikamrudishia chenji. Tukapeana mikono.
Alasiri sherifu akaniletea sanduku
nililolifunga kwa mikono hii."
Miaka sita risiti imelala chini ya sarafu.
Wino umefifia. Yeye hahitaji wino.

Mkutanoni wenzangu huniuliza: na madeni je?
Na ukame, na pombe, na upweke wa nyumba
iliyo maili ishirini kutoka kwa taa nyingine?
Yote. Yote, nawaambia.
Siwezi kushusha mvua,
bei ya ng'ombe siwezi kuipandisha.
Dakika naweza kuziongeza.
Ni sayansi ndogo. Wakati mwingine huionea haya.

Februari, Opal Reinke alinipigia simu, si kwa utafiti.
Mumewe, Thurman, alikuwa ameacha kunyoa.
Ndama kumi na wanne wameganda zizini
na yeye anazungumza taratibu, kwa upole mno,
kama mtu anayefunga hesabu za duka.
"Muulize waziwazi," nikasema. "Swali haliui."
Nikasikia simu ikilazwa mezani, kiti kikivutwa,
sauti mbili kupitia ukuta, muda mrefu.
Kisha Opal akarudi, pumzi imemwishia:
"Anauliza ufunguo wa kabati tumpe nani."

Dockstader aliupokea bila neno la ziada.
Aliinua trei, akauweka juu ya ile risiti,
akamuuliza Thurman kama amekula.

Mei, mbweha walipoanza kusumbua,
Thurman alikuja kuudai. Nasikia walikaa saa nzima
kwenye ngazi za duka, wakitafuna mbegu za alizeti,
wakizungumzia usingizi, na daktari wa mjini,
na tena usingizi. Kama alipewa siku hiyo au wiki iliyofuata,
kila mmoja ana kauli yake.

Desemba nikajaza jedwali, kwa penseli.
Nilipofika safu ya Sorrel, mkono ulikawia
juu ya kisanduku kitupu
kisicho na umri, wala kazi, wala saa.
Hakuna anayenilipa kwa kukihesabu.
Pembeni nikaandika: amenyoa.