Nguzo ya Bitarabeho

Baba aliipigilia nguzo ile mwaka wa mfereji,
hadi kichwa chake kikawa sawa na nyasi.
"Hapa," alisema, "ndipo viazi vyetu vinapoishia."
Leo inanifika kiunoni.
Haikukua. Mti mkavu hauoti.
Ni bonde lililopungua
kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni.

Udongo umekwenda wapi?
Mvua haikuuchukua; mto ungekuwa mweusi hadi Kabale.
Kebirungi, mpwa wangu, karudi kutoka Mbarara na kekee ya chuma,
anaizungusha katikati ya mafunjo yaliyosalia,
anavuta, analaza juu ya gunia
mita tano za giza bichi.
"Mwanzi huu," ukucha wake uko chini kabisa,
"ulianguka kabla babu wa babu hajapewa jina."
Naunusa. Bado ni mwanzi.

Maji, anasema, yalikuwa kifuniko.
Sisi tukafunua.
Kilichotunzwa miaka elfu kikavuta pumzi,
kikatoka, kikawa hewa:
shamba likapaa bila moshi, bila kelele,
nami nimeketi juu yake napanga magunia.

(Magunia yale yalisomesha watoto wanne.
Andika na hilo, Kebirungi.)

Kule juu, Echuya, msitu unakula hewa hiyohiyo.
Miti inanenepa upesi kama mtoto wa uji mtupu,
mashavu yapo, mifupa haijulikani.
Ukungu uliokuwa ukikaa hadi saa nne
sasa unaondoka saa moja, mgeni aliyenuniwa.
Mti utakula hadi lini
ikiwa kiu ndiyo inayoupakulia?

Kiangazi kilichopita bonde la jirani liliungua chini kwa chini.
Tulimwaga ndoo; moto ukahamia pembeni
kama fuko.
Wiki tatu tulilala na harufu hiyo nguoni.

Sijui hesabu za mbingu. Najua koleo.
Tangu Jumatatu naziba mfereji wa baba
kwa magogo, mawe, viroba vya mchanga.
Shemeji kaninunia: "Unazamisha chakula."
Simjibu. Sina jibu linalolika.

Jana maji yalifika kwenye nguzo,
membamba, yana kipande cha anga ndani yake.
Nimekata alama kwa kisu.
Usishuke tena, nimeliambia bonde.
Kajibu chura mmoja tu,
na sikumwelewa.