Samaki Mzima Gizani

Malipo ya miwa yalipotoka, baada ya kukaa kiwandani
muda wa mimba mbili na kunyonyesha,
Andayi akasema: safari hii hatununui mabati.
Tunampeleka Kukhu sinema.

Sinema? mama akauliza. Na macho yale?
Kukhu akasema, "Nipeni kile kitambaa changu cha buluu,"
mjadala ukaishia hapo.

Ukumbi uko Kisumu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro.
Viti vinalala chali kama vya kinyozi,
na ubavuni mwa kila kiti kuna kijimeza
chenye kitufe cha kumwita mhudumu.
Watoto wakavibonyeza vyote kwa mpigo.
Wahudumu wanne wakaja mbio kana kwamba kunaungua.

Menyu ina kurasa nane. Shitawa akamsomea bibi yake sikioni:
baga, piza, mabawa ya kuku kwa asali...
"Kuku kwa asali," akasema Kukhu. "Ana kikohozi?"

Kisha: "Samaki hawana? Ziwa si liko hapo nyuma?"

Kijana mwenye kurunzi ndogo akainama.
"Ngege yuko, mama, ila ni mzima, ana miiba,
na sasa hivi taa zinazimwa."
"Zizimwe. Zangu zilizimwa zamani.
Mwiba sijauona mwaka wa nne huu,
na hakuna ulionichoma."

Tukaona haya kuagiza baga.
Ngege sita, tukasema, na ugali.

Giza likatuangukia. Kwenye kitambaa cheupe
theluji ikaanza kunyesha katika mji tusioujua,
mwanamke akashuka treni na sanduku moja,
na sisi, mikono ndani ya mchuzi,
tukawa hatujui pa kutazama:
ukimfuata mwanamke, mwiba unakungoja,
ukimfuata samaki, mwanamke kashavuka barabara.

Wa kwanza kukwamwa alikuwa Andayi mwenyewe, mwenye pesa zake.
Akakohoa mpaka safu ya mbele ikageuka.
Ndipo sauti ikatoka kiti cha pembeni, ya chini, ya jikoni:
"Leteni sahani."

Sahani zikapita paja kwa paja, gizani,
hadi mikononi mwake.
Sikuona alivyofanya. Nilisikia tu,
ukucha ukitambaa kutoka shingoni hadi mkiani,
kama mtu anayefumua nywele za mtoto aliyelala.
Zikarudi nyama tupu, laini, hazina neno.

"Sasa kuna nini?" akauliza.
"Anatembea, Kukhu."
"Anachechemea. Mguu wa kushoto."
Tukatazama. Kweli, alikuwa anachechemea.
Tangu treni, na hatukuwa tumeona.

Mara kitu chenye joto kikanigusa mdomo:
tonge, limebanwa na kipande cha shavu la samaki,
pale panapopewa mtoto mdogo kuliko wote.
Labda alidhani mimi ni Aseka. Labda hakudhani.
Nina miaka thelathini na minne. Naendesha lori la matela.
Nikafungua mdomo.

Taa zilipowaka tukawa sisi vipofu,
tunapepesa macho, tunatafutana viatu.
Juu ya sahani moja, mbele yake,
mifupa sita imelazwa sambamba, safi kama vitana,
vichwa vyote vimeelekea upande mmoja.
Kijana wa kurunzi alikuja kuondoa vyombo,
akasimama, hakuondoa.

"Imekwisha?" Kukhu akauliza.
"Imekwisha."
"Mbona yule mwanamume hakurudi kufunga mlango?"

Mlango gani?
Tulibishana kutoka Kisian mpaka Butere.
Andayi akaapa hapakuwa na mlango. Mama akasema ulikuwepo, wa kijani.
Shitawa akasema labda ni upepo wa kiyoyozi.
Kukhu alikuwa ameshasinzia begani mwangu,
kitambaa cha buluu kimeteleza,
na vidole vyake, juu ya goti langu,
bado vinatafuta kitu kidogo, chembamba,
kisitupite.