Kilo Themanini

Nilikwama kwenye themanini, mwezi mzima.
Nalala chali, chuma chashuka kifuani,
chapanda shibiri moja, kisha chasita
pale pale, kama punda wa Langoni
aliyegomea kona.

Famau hajawahi kulijua benchi letu.
Yeye hupokeza mawe ghorofani
kutwa, mikono juu ya utosi,
chokaa ikimdondokea kopeni.
Siku moja kaingia na kikoi chake cha kazi,
kalala, kaisukuma themanini yangu mara sita,
kainuka, kaomba maji.

Basi nikalisusa benchi. Miezi mitatu
nasimama wima, fito na mikebe ya saruji,
kutoka mabegani hadi mikono inyooke:
thelathini, thelathini na tano, arubaini.
Mabega yaliwaka hata kuchana nywele
nikamwachia mke wangu, naye akicheka.

Leo nimerudi kulala.
Chuma kikafika pale pa shibiri,
kikafikiri,
kikapita.

Nikamkimbilia Famau na habari, jasho halijakauka.
Hakuacha kazi. “Hongera,” kasema kutoka juu,
“hebu nipe lile jiwe.”

Nikalibeba. Likafika kidevuni.
Likasita.