Bakuli la Pili

Al-Khudh, Julai, saa nane mchana.
Hata paka wa jirani kajificha chini ya gari.
Kiyoyozi kinakoroma kama mgeni aliyeshiba.
Shinuna kaisimamisha picha kwa kidole,
kasonya.
"Wameiharibu, khaloo. Wameiharibu kabisa."

Sehemu ishirini na tatu tumeitazama anime hii,
mimi nikiyasoma maandishi ya Kiarabu polepole,
yeye akinitangulia kucheka.
Kijana fundi saa, katika mji wa theluji.
Kaka yake alipanda treni, hakurudi.
Mwanzoni alitandika mabakuli mawili,
wali ukapoa kwenye lile lisilo na mtu.
Sehemu ya tisa akalala na taa imezimwa.
Ya kumi na nne akamwambia mwenye nyumba: sitaki.
Ya ishirini, bakuli moja,
nasi tukalishangilia bakuli moja
kama watu wa mpira.

Leo ndiyo ya mwisho, na mlango umegongwa.
Kaka huyo. Koti lilelile.

"Sasa alijifunza nini?
Kukua kote kule kulikuwa kungoja tu?
Wangemwacha na bakuli lake!"

Nikanyamaza. Mtoto ana haki.
Furaha ya kuletewa mlangoni
haiulizi umekuwa nani.

Ila nilimkumbuka mama,
uwanja wa ndege wa Sib,
dada yake akitoka na begi lililofungwa kamba
baada ya miaka thelathini na moja.
Sote tulilia. Mama alimshika mkono,
akazitazama kucha zake, akasema,
"Umekula?"
Usiku dada mtu akachukua kitana,
amsuke kama walivyokuwa wadogo.
Mama akamwambia, "Siku hizi najisuka mwenyewe."
Akajisuka, kimya, mpaka katikati ya kichwa.
Upande wa kushoto
akamwachia.

"Rudisha nyuma kidogo," nikamwambia Shinuna.
"Mtazame mkono, usimtazame uso.
Zamani bakuli la pili lilikuwa mezani kabla ya hodi.
Leo analitafuta kabatini. Lina vumbi.
Analiosha."

"Khaloo, wewe unawatetea tu."

Labda. Nimeshaona na wengine
waliorudiwa, wakarudi nao kuwa walewale,
wakatandika, wakangoja, wakapoa.
Sijui mwandishi alikusudia lipi.
Pengine alichoka tu, akataka watu walale.

"Ningekuwa mimi," akasema, "nisingefungua."

Simu yake ikatetemeka juu ya zulia:
jina la baba yake, kutoka Dubai,
mwaka wa tatu huu.
Aliiangalia ikatetemeka mpaka ikachoka.
Alasiri ikaadhiniwa. Hakuna aliyeinuka.
Kisha, bila kunitazama,
akairudisha picha nyuma tena,
pale maji yanapofunguliwa.