Sufuri ni Habari

Baba, Julai imefika Keringet bila koti.
Saa hizi ningekuwa napapasa ua kwa mikono,
ukungu ukinilamba uso kama ndama;
lakini naiona barabara hadi inapopinda,
naona hata viraka kwenye shuka za jirani.

Saa tatu kamili nafungua kijilango cha waya
ulichokiweka kuzuia kondoo,
natoa chupa ndani ya mkebe wa shaba,
naiinua juani.
Buibui amefuma mdomoni mwa faneli.

Naandika: 0.0.
Ulinionya nisiache nafasi wazi.
“Wazi ni uvivu,” ulisema. “Sufuri ni habari.”
Basi habari ni kumi na tisa sasa,
zimejipanga daftarini
kama mayai ambayo kuku hawatagi.

Sigilai wa mitumba anauza sweta mbili kwa bei ya moja,
anaitukana baridi kwa kutokuja kazini.
Usiku inakuja, lakini kavu, ya kupasua visigino,
na alfajiri haiachi hata alama ya mguu.
Viazi nilivyochimbua jana
watoto wamevichezea gololi.

Nakumbuka ile mvua ya mawe.
Mabati yalipiga kelele, kisha yakanyamaza kwa mpigo,
na pareto ikawa nyeupe juu ya weupe wake.
Nikatia punje moja kinywani.
“Hiyo ndiyo theluji yetu,” ukaniambia, “imekuja na hasira.”
Mama akilia mashina ya viazi yaliyolala,
wewe umechuchumaa jikoni
ukiyayeyusha mawe polepole yapate kuhesabika.
Milimita thelathini na mbili.
Siku mbili hakukusemesha.

Ukipiga simu kutoka wodini Nakuru
huulizi mguu wa nani umepona, nani amefaulu.
“Ngapi?”
Sufuri, Baba.
Unakaa kimya. Nasikia kalamu ikikwaruza;
kumbe na wewe una daftari chini ya mto.

Leo umande umenijaribu:
tone moja, ukingoni, linang'aa kama limetumwa.
Nimeshika kalamu. Sehemu mbili za kumi tu, nani angejua?
Nimeandika sufuri.
Na pembeni, kwenye safu ya maelezo
ambayo miaka yote hukuigusa,
nimeandika kwa penseli, kwa herufi ndogo:
buibui bado yupo, sikumfagia.

Hilo sijakusomea.