Mguu Niponye

Miaka thelathini na mmoja niliendesha tramu
mjini Łódź, njia ya kumi na saba,
na safari yote hiyo niliifanya nimekaa.
Mji ndio uliotembea.
Viwanda vya nguo vilipita kiooni, kimoja kimoja vikifungwa,
mabomba yao yakazimika kama sigara,
nami nimekaa, kengele chini ya unyayo,
mkate wa soseji pajani.

Kisha wakanipa kiinua mgongo,
ambacho mgongo hakikuuinua:
kilininunulia kiti kingine, chenye mito.

Novemba, nesi Halszka akaisoma damu yangu
kama karani asomavyo deni.
"Bwana Bogumił, moyo wako unapanda ngazi
hata ukiwa umelala."
Akaandika neno moja kwenye karatasi ya dawa, akaligonga muhuri.
Nikaenda nayo duka la dawa.
Binti akaisoma, akanirudishia:
"Hii hatuna. Hii iko nje."

*Tembea.*

Nitembee wapi? Mtu haranderandi tu kama mbwa wa jirani.
Nikafuata ninachokijua: reli.
Siku ya kwanza, kituo cha mwanzo hadi cha pili.
Kwa tramu ni muda wa kupiga chafya.
Kwa miguu nilishika nguzo mara tatu,
nikagundua pale pana kilima.
Miaka thelathini na mmoja,
na hakuna aliyeniambia pana kilima!

Kituo cha pili nilimkuta Wiesia,
mfumaji wa zamani, masikio yaliyoachwa kwenye mitambo.
"Unangoja tramu ipi?" nikapaza sauti.
"Singoji kitu. Nyumbani kumenyamaza mno."
Basi tukaenda cha tatu.
Pale akaongezeka Thuận, muuza supu,
anayesimama kutwa na bado hajatembea;
cha tano, Nadia wa Kharkiv na kigari cha mtoto,
mtoto ndiye pekee aliyekuwa na haki ya kulala.

Januari barafu ikamwangusha Wiesia, kifundo cha mkono.
Wiki tano.
Tukawa tunasimama chini ya dirisha lake
tukipiga mguu palepale, kushoto, kulia,
mvuke ukitutoka kama birika,
naye juu, mkono kwenye plasta, akitufuatisha.
Jirani wa ghorofa ya pili akatishia kuita polisi.
Ijumaa akashuka na viatu vya mpira.

Tuliiandikia halmashauri: tunaomba mabenchi.
Wakajibu: mnataka kutembea ama kukaa?
Tukajibu: mwenye goti bovu hathubutu kutoka
asipojua atapumzikia wapi.
Tulipata matatu.
Moja linatazama ukuta. Tunalikalia hivyo hivyo,
tunautazama ukuta, tunainuka.

Usiniulize sana habari ya sukari.
Imeshuka kidogo, ikapanda Pasaka, ikashuka.
Halszka hasemi "umepona";
anasema "njoo Juni", na kwa mtu wa umri wangu
kupewa Juni si haba.

Jana, kituo cha kumi na moja, mvua,
tramu ya kumi na saba ikasimama pasipo abiria.
Dereva kijana akafungua mlango:
"Pandeni, wazee. Nawapeleka bure."
Ndani kulikuwa na joto. Nalijua joto lile.
Nikatazama kiti chake, kiti changu,
na tumbo lake changa lililokwisha kuiegemea swichi.

"Mwanangu," nikamwambia, "mtembea bure
si sawa na mkaa bure.
Zamu yako inakwisha saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Tutakuwa cha kumi na mbili.
Tunakwenda polepole, hutatukosa.
Na ujihadhari na kile kilima."

"Kilima gani?" akauliza.